Mizunguko Kumi

Mtaa mzima ulimwita Mama Funguo. Hata binti yake wa kumzaa alimwita hivyo akiwa amekasirika. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene karibu mara mbili ya wa kushoto, na magauni yake yote yalishonwa yakiwa na mikono isiyolingana. Fundi viatu aliyekaa kibarazani pale njia panda alikuwa na utani wake wa kila asubuhi.

"Mama Funguo, huo mkono mmoja wako. Wa pili umeuazima kwa nani?"

"Kwa mama yako, na hajaja kuudai."

Basi, siku imeanza.

Kazi yake ilikuwa kuwatia ufunguo watu wa kamani. Kamani ni ule utepe wa chuma unaojikunja kama konokono ndani ya saa. Yao ni hiyo hiyo, ila pana kama mshipi wa askari, imefungiwa kifuani, na tundu la ufunguo liko mgongoni katikati ya mabega, pale ambapo hata mtu wa nyama akiwashwa hawezi kujikuna. Aliyewaunda hakukosea. Alijua alichokuwa akifanya.

Wazee husimulia kwamba zamani dunia ilikuwa ielekee kwenye moshi. Kulikuwa na mafundi waliochemsha maji kwenye mapipa na kusukuma magurudumu kwa mvuke. Lakini fundi saa mmoja akawatangulia. Akaunda mtu wa chuma anayesikia, anayejibu, anayefikiri, na yale mapipa yakaachwa yaote kutu. Tangu hapo vinu, bandari, mashamba na majiko vikaendeshwa na migongo yao. Sheria ikasema wamwamkie kila mtu, hata mtoto anayetambaa, na wasishike ufunguo kamwe. Waliwekwa kazini bila kuulizwa, na hakuna aliyewauliza baadaye.

Mama Funguo alirithi kazi kwa baba yake. Alipokuwa na miaka tisa, baba alimtoa shuleni akamwambia kuhesabu anakojua kunatosha. Kwa kweli kulitosha, maana hesabu ya kazi ile ilikuwa moja tu. Kamani inaingia mizunguko arobaini, lakini mtia ufunguo hutia thelathini. Thelathini inamtosha mtu wa kamani kufanya kazi toka alfajiri mpaka jua linapozama, akiwa amesimama mahali pamoja. Kutembea kunakula kamani zaidi. Kwa thelathini hafiki mbali. Ile kumi ya juu watia ufunguo waliiita mizunguko ya safari, na hakuna aliyeitia.

"Usihesabu kwa kichwa," baba alimfundisha. "Kichwa kina mambo mengi. Uzoeze mkono, mkono ndio uhesabu. Ukifika thelathini, unamgonga begani mara mbili, unasema 'Haya, kazini.' Basi. Hutakosea mpaka unaingia kaburini."

Mkono ukazoea. Aliolewa, akafiwa, akamlea binti yake peke yake, na katika miaka arobaini mkono ule haukuwahi kupitiliza hata mara moja. Angeweza kutia ufunguo huku anasinzia.

Kila alfajiri alianzia uani kwa mwoka mikate. Pale alisimama Mkandaji, mtu wa kamani mzee kuliko baba yake Mama Funguo, mwenye viganja vipana kama vifuniko vya sufuria na unga uliokauka kwenye kila kiungo cha vidole. Kamani yake ilikuwa imekwisha tangu jioni, kasimama kama mlango. Mama Funguo hupenda kusema kabla hajafika kwenye tundu. Alisema naye kama mtu anavyosema na paka, au na ukuta.

"Amka, mzigo wa chuma. Wenzio tuna mgongo unauma, wewe unalala wima kama nguzo." Na siku nyingine: "Leo binti kanijibu vibaya, sijui nimlaani au nimwache." Mengine hayaandikiki. Mambo ya marehemu mumewe, mambo ya mwoka mikate na yule mjane wa duka la taa. Alikuwa akitundika shali yake mbichi kwenye mkono wa Mkandaji ikauke, anazungusha, na maneno yanamtoka. Akifika mzunguko wa tatu sauti ya Mkandaji inarudi, inasema, "Shikamoo, mama," na Mama Funguo anaitika, "Marahaba," anafunga mdomo wake. Mbele ya anayesikia, mtu huchunga ulimi.

Ilikuwa siku ya Jumatatu Mkandaji alipomwambia. Mwoka mikate alikwenda kupokea unga, na uani walikuwa wawili tu.

"Mama, Jumamosi napelekwa kiwanda cha kuyeyusha vyuma."

"Nani kasema?"

"Bwana mwenyewe. Jana jioni, alikuwa anaongea na mtu wa mkokoteni. Mpya anakuja Ijumaa."

Mama Funguo angeweza kujiuliza Mkandaji alisikiaje jioni ile, na kamani ilikuwa imekwisha. Hakujiuliza. Alisema pole, kama unavyosema kwa mtu aliyejikwaa.

Mkandaji aliendelea kukanda. Alikuwa akisema bila kuinua kichwa, donge la unga likigeuka mikononi mwake.

"Alhamisi napeleka mikate hospitali. Hospitali iko kwenye njia ya daraja. Ng'ambo ya daraja kuna tanuri la matofali lililoachwa, na ndani yake wapo wenzangu. Wamejichongea ufunguo. Mmoja anamtia mwenzake, naye anamtia mwingine. Serikali ya huku haifiki kule."

"Na mimi unaniambia ya nini?"

"Kwa thelathini naishia darajani. Kwa arobaini nafika."

Mama Funguo aliangalia mlangoni. "Baba alinikataza."

"Baba yako amekufa, mama. Mimi bado."

Hakuna kilichomchoma kama neno lile, na lilisemwa kwa upole. Akakumbuka binti yake alivyougua surua akiwa na miaka mitatu, na Mkandaji alivyomlaza kwenye mkokoteni wa unga akamkimbiza hospitali mwenyewe, huku mama mtu anafuata nyuma kiatu mguu mmoja.

"Haya," akasema. "Alhamisi nakutia arobaini. Mama Funguo hasemi mara mbili."

Siku tatu alitembea kifua mbele. Alijiona mtu. Alimtazama fundi viatu akafikiri, ungejua mimi ni nani, usingenitania.

Alhamisi ikafika. Mkokoteni wa mikate ulikuwa umeshapakiwa. Mama Funguo akaingiza ufunguo, na mwoka mikate akatoka na kikombe cha chai, akaegemea mlango. Kwa kawaida saa ile huwa ndani anachochea moto.

"Mama, nikwambie kitu," akasema. "Huyu mpya anakuja na mtia ufunguo wake wa kiwandani, kijana ana cheti. Nikawaambia hapana. Nikawaambia mtaani kwetu tuna mkono wa dhahabu, hakuna cheti kitakachoushinda."

"Acha maneno yako," alisema Mama Funguo, lakini alikuwa anacheka.

"Kweli nakwambia. Mtu mwaminifu kama wewe, siku hizi anatoka wapi?"

Sifa ni tamu. Alikuwa akizungusha na kucheka, anamjibu, anatikisa kichwa, na katikati ya kicheko mkono ukasimama. Vidole viwili vikamgonga Mkandaji begani, tap, tap. Mdomo ukasema, "Haya, kazini."

Mazoea yana tabu. Kabla hajafunga mdomo alijua amefanya nini.

Mkandaji hakuondoka mara moja. Alisimama kidogo, mgongo umemwelekea, kama anayesubiri mtu amalizie sentensi.

"Vipi, kuna nini?" akauliza mwoka mikate.

Alikuwa na maneno hamsini ya kusema. Angesema kamani inalegea, ngoja niongeze. Angesema njoo, tundu lina uchafu. Ni kazi yake, nani angembishia? Lakini yule bwana alikuwa amemtazama kwa yale macho ya mtu anayekuamini, na ile sifa ilikuwa bado ya moto masikioni.

"Hakuna kitu," akasema.

Mkandaji akainama, akashika mipini ya mkokoteni, akatoka.

Asubuhi ile yote Mama Funguo alizunguka nyua za watu akijipa moyo. Alijiambia atarudi. Alijiambia hawezi kuwa mjinga, mwenyewe atahisi kamani ni pungufu, atashusha mikate na kurudi. Saa sita binti yake akaja mbio toka kazini kwake, alikokuwa akipiga pasi.

"Mama, Mkandaji kasimama darajani."

Walikwenda pamoja. Mikate ilikuwa imeshushwa hospitali yote na mkokoteni umeegeshwa vizuri ukutani, usimzuie mtu kupita. Yeye alikuwa katikati ya daraja, mguu mmoja mbele, kisigino cha nyuma kimeinuka. Watu walikuwa wamejaa. Mwanamke mmoja alimtundikia kikapu mkononi akasema amepata mchukuzi. Watoto walimchora sharubu kwa chokaa. Mwingine alimsemesha kwa adabu za kuigiza, "Shikamoo bwana, unaelekea wapi?" na watu wakacheka mpaka wakashika ukingo wa daraja.

Mama Funguo alikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Tundu lilikuwa linamtazama kama jicho. Ufunguo ulikuwa kiunoni, chini ya shali. Angeutoa akasema, huyu ni wa mtaani kwangu, nipisheni nimtie arudi nyumbani. Ingekuwa kazi yake ya halali, hakuna ambaye angemzuia, na akishatiwa, wa kuamua aelekee upande gani ni yeye mwenyewe.

Askari wa daraja akageuka. "Mama, wewe si mtia ufunguo wa kule juu? Huyu ni wenu?"

Watu wote wakamtazama. Na yeye, jamani, akaona kama kila mtu anaisoma ile ahadi usoni mwake.

"Simjui," akasema. "Hawa wote wanafanana."

Binti yake aligeuza uso, akamtazama mama yake muda mrefu. Kisha akatoa leso yake, akaenda mbele, akafuta zile sharubu. Usiku, wakila, alimsogezea mama yake chakula kama unavyomsogezea mgeni.

Mkandaji alirudishwa na mwoka mikate kwa gari la ng'ombe, akasimamishwa pale pale uani. Ijumaa yule mpya akaja, anang'aa, ana harufu ya mafuta. Mama Funguo alimtia thelathini yake. Ilibidi apite mbele ya Mkandaji aliyesimama, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini alipita kimya, macho chini, kama anayepita mbele ya mdai. Alijifariji kwa jambo moja tu. Kwamba yule hajui. Kamani ilikuwa imekwisha, hajui nani alikuwa darajani wala nani alisema nini. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha ni yeye, na binti yake hana mdomo mrefu.

Jumamosi alfajiri mkokoteni mkubwa wa kiwanda ukasimama mlangoni. Dereva alikuwa na vijana wawili wembamba, wakamtazama Mkandaji, wakatazamana.

"Huyu hatumbebi," akasema mmoja. "Tuna wake nyumbani."

Mwoka mikate akamwita Mama Funguo. "Mtie mitano tu, apande mwenyewe. Usizidishe, ni hatua kumi toka hapa."

Akaingiza ufunguo. Mmoja. Miwili. Wa tatu ulipolia, alisubiri shikamoo. Haikuja.

"Thelathini," alisema Mkandaji, chini kwa chini, wa kusikia ni yeye tu. "Nilihesabu."

"Nilipitiwa," akanong'ona. "Wallahi nilipitiwa. Mkono ulienda wenyewe."

"Ya kwanza ulipitiwa."

"Ya kwanza?"

"Na darajani?"

Mkono ulizungusha wa nne, wa tano. "Wewe kamani ilikuwa imekwisha."

"Kamani ikiisha mwili ndio husimama, mama. Masikio hayana kamani."

Alisema hivyo tu. Hakumlaumu, hakuongeza chumvi. Na Mama Funguo, ufunguo mkononi, akaanza kuyasikia yote aliyowahi kuyasema. Mzigo wa chuma. Nguzo. Ya marehemu, ya binti, ya chumbani, ya watu. Miaka arobaini, alfajiri kwa alfajiri, kwa Mkandaji na kwa wapasua mbao wawili na kwa mpiga pampu na kwa wote wa mtaa ule, aliowazunguka wamesimama kimya akawatundikia nguo mbichi. Nao wakazinduka kila siku wakamwambia shikamoo. Akakumbuka baba yake pia, alivyokuwa akiwapiga konzi kabla ya kuwatia na kusema, "Hasikii huyu," na yeye, mtoto, akicheka. Alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Sakafu ya mwoka mikate ilikuwa ya mawe mazuri.

"Mitano imefika, mama," alisema mwoka mikate.

Akazungusha wa sita.

"Mama Funguo. Nimesema mitano."

"Nimesikia."

"Sasa unafanya nini?"

"Natia."

Dereva akacheka. "Mwache apashe mwili joto, bwana, huko aendako moto upo wa kutosha." Lakini Mama Funguo alipofika kumi na tano kicheko kilikuwa kimemwisha, na ishirini ilipopita mwoka mikate aliweka kikombe chini, akaja, akaushika ufunguo juu ya mkono wake. Alivuta. Viganja vyake vilikuwa na unga, vikateleza, na mkono ule mnene ambao mtaa mzima uliucheka ukaendelea kana kwamba umeguswa na nzi.

"Umerogwa? Unajua adhabu yake? Mwanamke mwaminifu kama wewe?"

"Usiniite hivyo, baba," alisema. "Naomba usiniite hivyo."

Thelathini. Mkono ukasimama wenyewe, kama punda aliyefika zizini. Vidole viwili vikainuka kuelekea begani. Aliviona vikienda. Akavikamata kwa mkono wa kushoto, akavirudisha kwenye ufunguo kwa nguvu, akasukuma kwa mikono yote miwili. Thelathini na moja ulikuwa mgumu, hakuwahi kuujua. Ulilia kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Kwa kuwa mkono haukujua kuhesabu kutoka hapo, ikabidi ahesabu kwa mdomo, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, jasho linamwingia machoni. Vijana wa dereva waliacha kutazamana, wakamtazama yeye. Thelathini na tisa. Arobaini.

Mkandaji akajinyoosha, akawa mrefu kuliko walivyomzoea. Sauti ndani ya kifua chake ilikuwa imebadilika, nzito na ya haraka. Dereva alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mkokoteni wake. Hakuna mtu mwenye akili anayemshika mtu wa kamani mwenye arobaini.

Akamgeukia Mama Funguo, akanyoosha kiganja.

Naye, machozi yakimlenga, akaweka mkono wake ndani ya kiganja kile. Alidhani anapewa mkono wa kusamehewa.

Mkandaji hakukifumba. Alisubiri tu, kiganja wazi, na mkono wa Mama Funguo umelala juu yake kama kitu kilichosahauliwa. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa aibu ilimpanda upya toka miguuni. Akauondoa mkono wake. Akamzunguka Mkandaji, akauchomoa ufunguo mgongoni, ufunguo wa baba yake, akauweka pale ulipokuwa mkono.

Kiganja kikafumba. Mkandaji akatoka bila kugeuka. Hakushika njia ya daraja. Alikata kushoto, uani kwa wapasua mbao, na kwa kuwa Mama Funguo huanzia kwa mwoka mikate, wote wa mtaa ule saa hiyo walikuwa bado wamesimama, kamani zimekwisha. Punde wakamsikia ng'ambo ya ukuta akihesabu, polepole, bila kuruka. Moja. Mbili. Tatu.

"Mkimbilie," mwoka mikate alimwambia, sauti imempasuka. "Mzuie, mama. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Amekuzoea."

Mama Funguo alikuwa ameketi kwenye gunia la unga, mkono mnene umelala mapajani, hauna cha kushika. Hesabu kule ukutani ilikuwa imefika ishirini na kitu.

"Amenisikia vya kutosha," alisema. Akajifunika shali usoni, akageukia ukutani, ili watakapopita hapo mlangoni mmoja mmoja wasimwone, wala yeye asiwaone.